Kabla ya kununua mfumo mwingine, tukubaliane kwanza gunia ni kilo ngapi

Ndugu Mhariri,

Salamu toka Kigoma, mwisho wa reli. Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua, hili jambo linanikera muda mrefu na sioni likizungumzwa. Kila ukifungua gazeti unakuta taasisi fulani imezindua mfumo, utepe umekatwa, kompyuta zimepangwa mezani, mgeni rasmi kabonyeza kitufe watu wanapiga makofi. Sina ugomvi na mifumo, mingine imetusaidia kweli na nitaitaja. Ila mimi kazi yangu ni kuwaandikia vitabu wafanyabiashara wadogo huku, wa dagaa, wa mawese, wasafirishaji wawili watatu na vikundi, yaani mtu anakuja na mfuko umejaa risiti na vikaratasi anakwambia dada nitengenezee hesabu kesho nakwenda benki. Kwa hiyo data ya biashara mimi naikuta ikiwa bado mbichi kabisa, kabla haijaingia kwenye mfumo wa mtu yeyote, na nikwambie tu ukweli, inaharibikia huko huko mwanzoni.

Chukua dagaa wa Kibirizi, mwalo wetu huku Kigoma. Mzigo mmoja, usiku mmoja, kipe kimoja, yaani chombo kimoja cha kuvulia dagaa. Mvuvi akishuka asubuhi anahesabu mabeseni. Wale wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wanatakiwa waandike kilo, za dagaa mbichi. Mama anayeanika kanunua kwa beseni ila atauza kwa gunia. Ushuru unadaiwa kwa gunia. Msafirishaji yeye hana habari na dagaa wala gunia, anaandika pisi, yaani idadi ya vifurushi, pisi arobaini basi, ziwe kubwa ziwe ndogo atajua mwenyewe wakati wa kupakia. Halafu mnunuzi wa Dar au wa ng'ambo kule Kongo anataka kilo, na safari hii ni kilo za dagaa mkavu. Sasa dagaa mbichi kilo tatu mpaka nne ndo zinatoa kilo moja ya mkavu, inategemea na jua na umewaanika kwenye mchanga au kwenye chanja, kwa hiyo mtu akisimama kwenye kikao cha wadau akasema mwaka huu tumepata tani mia, jamani, tani mia za nini? Mbichi au kavu? Hakuna anayeuliza, watu wanaandika tu kwenye notibuku zao na namba inaanza safari, inaingia kwenye ripoti, inatoka kwenye ripoti inaingia kwenye andiko la mradi, miaka miwili baadae unaikuta kwenye slaidi ya mtu.

Na gunia lenyewe ni nani anajua ni kilo ngapi. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele za lumbesa miaka na miaka na watu tunaichukulia lumbesa kama dhuluma kwa mkulima tu, ambayo ni kweli ni dhuluma, lakini ni uharibifu wa data pia. Siku ukiruhusu gunia lishonewe kilemba juu, kila daftari nchi hii lililoandikwa "magunia 50" limekuwa halina maana, maana hujui ni hamsini ya aina gani.

Nije kwenye mawese. Kuna kikundi kimoja (sikitaji) wanakusanya mafuta toka kwa wakamuaji wadogo wadogo, wanahifadhi stoo, wakipata mteja mkubwa wanauza pamoja. Stoo wanapokea kwa dumu, dumu la lita 20. Karani wa mwanzo alikuwa anaandika lita, hana tatizo. Akaja karani mwingine na faili zuri la eksel lina rangi, safu ya kwanza kaandika KILO, na kila dumu kaliingiza kama 20. Mteja akaja na mizani yake. Sasa mawese ni mepesi kuliko maji, lita 20 ni kama kilo 18 hivi, kwa hiyo madumu mia moja ambayo kwenye kompyuta yalikuwa kilo 2,000 kwenye mizani yakaja kilo 1,800 na kidogo. Unajua kilichofuata? Mtunza stoo kaitwa mwizi. Mzee wa watu, mtu wa swala tano, kikao kimekaa mpaka usiku, wengine wanataka apelekwe polisi, wengine wanasema tumsamehe alipe kidogo kidogo. Alipe nini? Mafuta ambayo hayajawahi kuwepo duniani! Ilibidi aje kijana mmoja mwalimu wa fizikia, tena ni mtoto wa mwanachama, akapima dumu moja mbele ya watu wote ndo wakanyamaza. Mpaka leo yule mzee hataki tena kazi ya stoo na mimi namuelewa.

Watu wakiambiwa usimamizi wa data wanadhani ni mambo ya maofisi makubwa ya Dar yenye seva na viyoyozi. Pale ilitakiwa neno moja tu juu ya safu, LITA, na mtu wa kusema neno hili halibadilishwi na karani yeyote bila kikao.

Hata kwenye michikichi yenyewe. Tangu Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alivyolivalia njuga hili zao mwaka 2018, huku kwetu habari ni miche, miche, miche, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha, halmashauri zinazalisha, watu binafsi nao. Ni jambo jema sana. Ila sikiliza namba zinavyotajwa: kuna mche uliooteshwa, kuna mche uliogawiwa, kuna mche uliopandwa, na kuna mche ambao ukienda leo shambani unaukuta hai haujaliwa na ng'ombe. Hizo ni namba nne tofauti, zote zinaweza kuwa za kweli, na zote kwenye kikao zinaitwa "miche". Halafu tunashangaa mwenye kiwanda cha kukamua anataka kujua baada ya miaka kadhaa ataletewa tani ngapi za ngazi, yaani mikungu, za mchikichi na hakuna ofisi yenye jibu, kila mmoja anamtajia namba yake na kila mmoja anaona mwenzie muongo.

Sasa eksel na WhatsApp. Hapa naomba nichukue muda kidogo maana ndo nyumbani kwangu. Taasisi nyingi huku, sio vikundi tu, hata zile zenye kibao kikubwa barabarani, "mfumo" wao wa kushirikishana taarifa ni grupu la WhatsApp. Faili linarushwa asubuhi linaitwa MAUZO MPYA, mchana linarudi linaitwa MAUZO MPYA final, jioni kuna MAUZO MPYA final 2 (1), na usiku mwenyekiti anafungua la asubuhi kwa sababu ndo aliloshusha kwenye simu yake na analisoma kwenye kikao. Watu watatu wamerekebisha mafaili matatu, kila mmoja kasahihisha la kwake na hakuna hata moja lenye masahihisho yote.

Halafu kuna hili la namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, ambalo limeumiza watu na wala hawajui limewaumizaje. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Eksel inashika tarakimu 15 tu za namba, ukiiandika ile namba mfululizo bila vistari na bila kuiambia kwanza kwamba hii ni maandishi, inaigeuza inakuwa kitu kama 1.99E+19, na ukiifungua tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri. Zimekwenda, ukishasevu hazirudi. Namba za simu nazo ile sifuri ya mbele inaliwa. Kwa hiyo kikundi cha akina mama kinaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ambayo nne ni ya wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, orodha yao inapelekwa na kijana wa steshenari kaichapa haraka haraka, ofisini wakijaribu kuhakiki hakuna namba hata moja inayokubali. Jibu linalorudi kwa akina mama ni kwamba taarifa zenu haziko sahihi. Wanarudi kutoa kopi upya, nauli upya, picha upya. Na vitambulisho vyao ni sahihi kabisa viko kwenye pochi. Hii nimeiona zaidi ya kikundi kimoja, na dawa yake ni ndogo, unateua safu nzima unaiweka "text" kabla hujaandika kitu. Tarehe ndo sizungumzii, kompyuta nyingi zimekuja na mpangilio wa Kimarekani, 03/04 kwako ni tarehe tatu mwezi wa nne, kwayo ni tarehe nne mwezi wa tatu.

Kitu kingine ni namba isiyokuwa na maelezo. Kuna kijana mwenye kipe alienda kuomba mkopo, nilimwandalia vitabu mimi mwenyewe. Afisa akamwambia vitabu sawa ila nipe na taarifa ya miamala ya simu ya wiki mbili za karibuni nione mzunguko. Zile wiki mbili zikaangukia kwenye mbalamwezi. Mtu yeyote wa Kigoma, hata mtoto, anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanakwenda kusalimia wazazi. Yule afisa, mgeni, katoka mikoa ya huko juu, kaona mstari umeshuka mpaka chini akaandika biashara inaporomoka. Simlaumu sana kwa kweli, karatasi ndo ilivyomwambia. Lakini benki iliyoweka tawi kando ya Ziwa Tanganyika ikakosa sehemu kwenye fomu ya kuandika giza au mbalamwezi, hiyo fomu ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Na hilo litakuja kutugharimu kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kila mtu wa dagaa huku kuna shimo la miezi mitatu. Leo tunajua sababu. Miaka kumi ijayo mtu akifungua hayo mafaili na hakuna safu ya maelezo, ataona biashara ya mwalo mzima imekufa na kufufuka. Tena ziwa lenyewe tunagawana nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, mkataba wa pamoja umesainiwa tangu 2003 na mamlaka ya ziwa iko Bujumbura. Kujua kama kufunga kumesaidia lazima uweke namba za mwalo wetu pembeni ya namba za Kalemie ya Kongo na za Rumonge ya Burundi na za Mpulungu ya Zambia, sasa kama Kibirizi peke yake beseni halijui ni kilo ngapi utalinganisha nini.

Nilisema nitataja mifumo iliyotusaidia. Kontro namba. Wenye umri wangu mnakumbuka kulipia kitu cha serikali ilikuwaje, unapanga foleni benki, unajaza ile slipu, unarudi nayo ofisini, karani anagonga muhuri, ukiipoteza umepoteza hela, na wao mwisho wa mwezi kwenye akaunti kuna pesa hawajui ni za nani. Kuanzia 2017 ukapewa namba moja, ndani yake kuna nani analipa, analipia nini, kiasi gani, unalipa benki au kwenye simu umekaa kwenu Ujiji, na ofisi inaona. Watu wanadhani uzuri wake ni kulipa kwa simu. Mimi kama mwandika vitabu nasema uzuri wake ni kwamba hazina, benki na kampuni za simu zilikubali lugha moja ya namba, taarifa inaandikwa mara moja tu inapozaliwa, hao wengine wote wanaisoma, hakuna karani wa kuiandika upya. Kila sehemu ambayo karani anaandika upya kitu kilichokwishaandikwa, hapo ndo kosa linapoingia.

Mfano wa pili ni wa kujibu wale wanaoniambia wewe unataka tugawane data na washindani wetu. Hilo nalisikia sana, tena kwa wafanyabiashara wa dagaa ndo usiseme, mtu anaficha hata jina la mteja wake wa Lubumbashi utafikiri mke. Basi angalieni kampuni za simu. Zamani kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine ilikuwa ni mateso. 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha, Vodacom wakaingia 2016, ukawa unatuma kwa yeyote kati yao. Hawa walikuwa washindani wa kufa na kupona, wakigombana mpaka kwenye mabango, lakini walikaa chini wakakubaliana kitu gani kinapita kati yao, namba, kiasi, muamala umekubali au umekataa. Orodha ya wateja kila mtu amebaki nayo. Sasa wafanyabiashara wa Kibirizi mnashindwa nini kukubaliana kilo zilizotoka leo na bei ya leo, mkabaki na majina ya wateja wenu?

Woga mwingine ni wa kodi, tuuseme tu, maana tukiuficha barua hii itakuwa ya kinafiki. Mtu ana madaftari mawili, la kweli na la kuonyesha. Na nimejifunza kwamba ukimkemea hakusikilizi. Ila mwenye madaftari mawili siku ya mkopo anakopeshwa kwa lile dogo, na mwenye daftari dogo ndo anaandika barua humu humu kulalamika mabenki hayawaamini wavuvi. Taasisi nazo zina kosa lao, ukimpa mtu wa takwimu namba yako leo, kesho kutwa anakuja mtu wa ushuru anaitaja ile ile. Kama mnataka watu waseme kweli, aliyekusanya kwa ajili ya takwimu abaki na takwimu, na aseme hivyo kabla hajafungua kalamu, sio baadae.

Hapo hapo niguse taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake ambayo kila anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwake. Nendeni steshenari yoyote hapa mjini mkaangalie desktopu. Vitambulisho vya NIDA vya nusu ya mtaa viko pale, na fomu za mkopo zina jina, simu, picha na mdhamini. Na kwenye magrupu ya vikundi ndo usipime, mweka hazina anapiga picha ukurasa mzima wa madeni anaurusha kwa watu mia mbili ili yule mmoja aone aibu. Hiyo nayo watu wanaiita uwazi! Uwazi wa hesabu za chama ni kitu kingine na deni la mama fulani ni kitu kingine.

Kuhusu karani kuhama na fleshi, na paswedi ya akaunti ya ofisi kuwa ni jina la mtoto wa katibu wa zamani ambaye sasa yuko Mpanda, sitaandika, kila msomaji ana ya kwake.

Mnaweza kuuliza sasa unataka nini. Nataka vitu ambavyo havina utepe wa kukata. Kila mwalo uwe na mizani moja inayokubalika, iliyopimwa na Wakala wa Vipimo, na beseni liandikwe kilo. Kila namba iwe na mwenyewe, yaani ijulikane kabisa kilo za kutoka ziwani mwenye nazo ni BMU, magunia yaliyosafiri mwenye nayo ni halmashauri kwenye zile mashine zao za ushuru, na mtu mwingine akiitumia hiyo namba aandike kaitoa kwa nani na tarehe gani, asiipike upya. Vikundi viwe na faili moja sehemu moja, siku hizi hata kwa simu inawezekana watu kumi mkafungua karatasi moja mtandaoni na ukaona nani kabadilisha nini saa ngapi, bure, bila mshauri mwelekezi. Na wale wanaoleta mifumo, jamani, mkija Kigoma msianzie ofisini kwa mkurugenzi, anzieni Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi mkae na yule mama wa beseni mumuulize anahesabuje, ndo mkachore huo mfumo wenu. Reli ya kisasa inakuja, mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma umesainiwa Desemba 2022, na ikifika mabehewa yatatozwa kwa tani, hakuna atakayekuuliza pisi.

La mwisho ni lenu nyie wa magazetini na redio, Mhariri, na usinikasirikie. Mnapoandika bei za masoko huwa mnaandika "gunia la dagaa Kigoma limefika laki kadhaa". Andikeni kwa kilo, na mseme mkavu au mbichi. Mkianza nyie, hawa wa mwaloni watafuata wenyewe, maana hapa bei ya asubuhi watu wanaisoma kwenu kabla hawajashuka ziwani kununua.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwandika vitabu,
Mwanga, Kigoma.